Nota Zilizoteleza Njiani Kwenda Lusewa

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unaniwaka moto, na mimi sasa ni mtu mwenye wajukuu. Siku hiyo nilisimama katika kanisa moja hapa Songea mjini, nimevaa shati jeupe la kuazima, nikachekwa na wasichana wa kwaya ya mjini mpaka nikatamani ardhi ipasuke nijifiche. Wala sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimeimba kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi niliyopewa. Sogeza hilo begi, kaa vizuri kwenye benchi, nikusimulie.

Aliyenikumbusha haya ni kijana mmoja aliyekuja jana hapa dukani. Unaijua steshenari yangu hii ya Bombambili, kuprinti, kutoa kopi, kulaminiti vyeti. Alikuja na ratiba ya harusi ya dada yake kwenye flashi, ameiandaa nyumbani kwenye kompyuta yake, anataka nakala za wageni wote na bodaboda inamngoja nje inaunguruma. Binti yangu akalifungua faili. Majina ya bibi harusi yamekimbilia ukurasa wa pili, picha imekalia sala ya kufungua, maua yamegeuka kuwa viboksi. Kijana akaanza kumfokea binti yangu kwamba mashine zetu mbovu na yeye mwenyewe hajui kazi. "Kwangu ilikuwa sawa!" anasema, na kidole kiko usoni kwa binti. Nilitaka kumwita akae hapo ulipokaa wewe, lakini aliondoka amevimba kabla sijapata miwani yangu. Basi yaliyokuwa yake utayapokea wewe.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Lusewa, mkulima mtoto wa mkulima, naimba sauti ya nne katika kwaya ya kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini. Mwalimu wa kwaya alikuwa baba yangu mdogo, Dominikus. Usidhani ni mwalimu wa shule. Alikuwa mtu wa jembe, mahindi na mpunga, aliyefundishwa nota na katekista mmoja wa zamani na kuzishika vizuri. Alikuwa mfupi, mpole, na ukikosea hakugombezi. Alifumba jicho moja tu, basi, nawe unajua ni wewe.

Kama huimbi kwaya nikueleze kidogo, maana bila hili hutaona kilichotupata. Nota zetu ni herufi tu, d, r, m, f na wenzake, zinazopangwa juu ya maneno ya wimbo. Kila herufi inakaa juu ya silabi yake, na kati ya pigo na pigo kuna nukta mbili. Sauti ziko nne, kwa hiyo mistari iko minne, mmoja chini ya mwingine, na pigo la mstari wa juu lazima lisimame sawasawa na pigo la mstari wa chini. Ukiisogeza herufi upana wa kidole, wimbo umeuharibu. Ni kazi ya kutaka utulivu, na ndiyo maana wazee wetu waliziandika kwa mkono na rula.

Mwaka ule parokia ya mjini walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu ya somo wao, yule mtakatifu msimamizi wao. Mwalimu wao wa kwaya, Fabiani, alikuwa ametunga Misa mpya, yaani nyimbo zote za ibada nzima, na wakaamua kualika kwaya za vigango, hata vya mbali kama chetu, tuje tuiimbe pamoja. Lusewa hatukuwahi kualikwa mjini kwa jambo lolote. Tangazo liliposomwa kanisani, kina mama walipiga vigelegele mpaka katekista akasahau alikuwa anasoma nini. Watu wakatoa magunia ya mahindi yauzwe tupate lori. Wengine hawakuwa na mahindi ya kutosha wenyewe, lakini walitoa. Baba mdogo akasimama mbele ya watu, akasema kwa lugha ya nyumbani kwamba hatawaaibisha.

Sasa, nyimbo zenyewe. Miaka yote zilikuja zimepigwa kwa taipureta au zimeandikwa kwa mkono. Safari hii mjini walikuwa na kompyuta, na kila mtu aliitamka hiyo kompyuta kama anataja jina la askofu. Kijana mmoja wa kwaya ya mjini, Kaspari, alikuwa karani katika ofisi fulani. Akamwomba bosi wake ruhusa, akawa anabaki baada ya kazi kuchapa Misa ya Mwalimu Fabiani. Haya aliniambia mwenyewe baadaye tulipokuwa marafiki. Kompyuta yake ilikuwa ya kizamani, kioo cheusi na maandishi ya kijani, na herufi zake zote zilikuwa na upana mmoja. Herufi i, iliyo nyembamba kama njiti, ilipewa nafasi sawa na m. Kwa hiyo Kaspari alizipanga nota kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, kidogo kidogo, mpaka kila moja ikakaa juu ya silabi yake. Mwalimu Fabiani alikwenda akaangalia kwenye kioo, akafurahi, akamshika kijana kichwa na kumbariki.

Tatizo likawa kuprinti. Printa ya ofisi ile ilitumia utepe wa wino, na utepe ulikuwa umekauka. Kaspari akahamishia kazi kwenye disketi, kile kisahani bapa cha plastiki tulichotumia kabla ya hizi flashi zenu, akaipeleka ofisi nyingine iliyokuwa na kompyuta mpya na printa nzuri. Akamwachia dada wa pale, akarudi kazini kwake. Lakini kompyuta ile ilikuwa ya namna nyingine, na programu yake ya kuandikia ilikuwa nyingine kabisa. Ililifungua faili bila kulalamika. Laiti ingekataa! Ililifungua, ikaliandika upya kwa herufi zake yenyewe, ambazo zile nene zilijitanua na zile nyembamba zikabanana. Nota zikaacha silabi zao. Mistari iliyokuwa mirefu kuliko karatasi ikakatwa, na mkia wa kila mstari ukaangukia chini, ukaonekana kama ni mwanzo wa sauti inayofuata.

Dada yule hakuwa na kosa. Hakuwa mwimbaji, na kwake zile zilikuwa herufi na nukta. Aliona karatasi zinatoka nyeupe, wino umekolea, akafanya kazi yote kwa moyo mmoja kwa sababu ni ya kanisa. Akazifunga mafungu mafungu, fungu la kila kigango na jina lake, akazipeleka stendi. Basi nota zikapanda gari kwenda Lusewa, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kusoma nota aliyekuwa amezitazama zile karatasi.

Zilipotufikia, baba mdogo alinawa mikono kwanza ndipo akazipokea. Alizinusa. Akakaa kwenye kigogo nje ya kigango, akaanza kusoma kimoyomoyo kama alivyozoea, akipiga mapigo kwa kidole juu ya goti. Kidole kikasimama. Kikaanza tena, kikasimama tena. Halafu nikaona lile jicho moja linafumba, na hakukuwa na mtu anayeimba.

Mazoezi yalikuwa mateso, mwanangu, nakwambia ukweli. Tulikuja tumechoka na shamba, tukifika tunakuta wimbo hausomeki. Sauti ya kwanza walimaliza maneno nota zikiwa zimebaki. Sisi sauti ya nne tulikuta nota zisizo na maneno, nyingine ziko juu mno, wanaume wazima tunalia kama watoto. Ilikuwa ni mikia ya sauti ya tatu iliyotuangukia, lakini tungejuaje? Mama Yustina, aliyeongoza sauti ya kwanza na ambaye hakuwa na breki mdomoni, akaweka karatasi chini.

"Mwalimu, huu wimbo una homa."

"Ni Misa mpya, mama," baba mdogo akamjibu. "Kitu kipya kinataka kuzoewa."

Jioni ile tukirudi nyumbani nilimwuliza kwa nini asitume mtu akaulize mjini. Alitembea kwanza. Kisha akasema, "Wakisikia tunauliza, watasema Lusewa hawajui nota. Watachukua kwaya nyingine. Hawa watu wameshatoa mahindi yao." Nilimwona mkubwa sana kwa maneno yale, na leo namwonea huruma, kwa sababu alikuwa amebeba peke yake mzigo ambao swali moja tu lingeutua.

Basi akaanza kuushona ule wimbo. Pale nota zilipokosa maneno, alituambia tugune kwa midomo iliyofungwa. Pale sauti ya kwanza walipotangulia, aliwaambia wavute neno na wangoje wengine wafike. Alikesha akiwaza, mke wake alituambia, na shamba lake la mpunga mwaka ule lilipaliliwa na majirani. Mwisho tuliweza kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Haukuwa wimbo mzuri. Lakini tuliujua wote, kila mguno na kila kungoja, na tulipopanda lori kuja Songea tulikuwa tunajiamini kabisa.

Sasa ile Jumamosi. Tulishuka na vumbi mpaka kwenye kope, tukanawa bombani uani pa parokia, tukavaa. Kanisa lilijaa kwaya. Mwalimu Fabiani alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani, na alitupokea vizuri, akatupanga upande wa kushoto. Akainua mkono. Tukaanza wote, "Bwana utuhurumie." Maneno mawili ya kwanza tulikwenda pamoja, na nikasikia mwili unasisimka kwa ukubwa wa ile sauti. Baada ya hapo wao wakaenda njia yao na sisi yetu. Wao wamefika mwisho, sisi tunaguna.

Fabiani akasimamisha, tukarudia. Ikawa vile vile. Nikasikia msichana mmoja wa mjini anamwuliza mwenzake kama hawa wamelala njiani. Mwalimu akafikiri labda hatusikiani, akasema Lusewa waimbe peke yao. Tukaimba peke yetu, kwa uaminifu wote, na kila mguno wetu. Ndipo kicheko kikapasuka. Wasichana walijifunika nyuso kwa karatasi za nyimbo, mabega yanatikisika. Hata mapadre wawili waliokuwa mlangoni nao walikuwa wanatazama chini kwa namna ile ya mtu anayejizuia. Damu ilinichemka. Nilitaka kuruka benchi nikamkamate mtu, sijui nani.

Baba mdogo hakufumba jicho. Alitugeukia, akaanza kukusanya karatasi zetu, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayekusanya sahani msibani. Alipomaliza alizigonga zikae sawa. Akasema, "Mwalimu, utuwie radhi. Kesho tutakuja kusali tu na waumini wengine. Vijana wangu hawataimba." Mama Yustina akaanza kulia hadharani. Mimi nilikuwa nawaza wale waliobaki Lusewa, na yale mahindi, na baba mdogo atasimama mbele yao aseme nini.

Mwalimu Fabiani akanyoosha mkono. "Naomba karatasi moja, mwenzangu."

Baba mdogo alisita. Nadhani aliona ni kama anaombwa ushahidi wa ujinga wake. Lakini akampa.

Fabiani akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha, mbele ya kwaya zote, akaanza kuimba yeye mwenyewe, peke yake, sauti yetu ya nne, akifuata kwa kidole kila kilichoandikwa. Ikatoka kama yetu. Ikapanda pale pale tulipopanda sisi, ikakwama pale pale tulipokwama. Kicheko kikafa chenyewe. Alipofika mwisho alimgeukia yule msichana aliyeuliza kama tumelala, akamwambia kwa upole asome mstari ule ule kwenye karatasi yake. Msichana akaangalia karatasi yake, nadhani kwa mara ya kwanza. Akafungua mdomo. Kwenye neno la tatu akapotea. Karatasi yake ilikuwa sawa na zetu.

Sikiliza alichowaambia, mwanangu, nakuletea kama nilivyokisikia. "Wote mna karatasi hizi. Ni nani kati yenu aliyezisoma? Hakuna. Mimi ndiye niliyewafundisha kwa mdomo, hata ninyi wa vigango vya karibu niliwafuata, nikaandika ubaoni, wimbo mnao kichwani, karatasi mmezishika kwa urembo. Hawa ndugu hawakuwa nami. Walikuwa na karatasi yetu tu, na waliitii. Mnawacheka kwa sababu walituamini?"

Kutoka nyuma akaja kijana mwembamba, jasho linamtoka, nami ndipo nikamjua Kaspari. "Mwalimu, kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa. Naapa. Wewe mwenyewe uliona."

"Niliona, mwanangu. Kwenye kompyuta yako ilikuwa sawa," Fabiani akasema. "Ila Lusewa hawakuimba kutoka kwenye kompyuta yako. Na mimi pia sikwenda kutazama kilichotoka."

Hakumkaripia zaidi. Alimwacha asimame pale karibu yake, akaweka mkono begani kwake, kwa sababu macho ya watu sasa yalikuwa yamehamia kwa kijana yule na yangeweza kummaliza. Kisha akamsogelea baba mdogo na karatasi mkononi, akawa kama amesahau kwamba kanisa limejaa.

"Mwalimu, hapa nota hazina maneno. Ulifanyaje?"

"Niliwaambia wagune."

"Na hapa?"

"Hapo sauti ya kwanza wanangoja. Wale wengine bado hawajafika."

Fabiani alitikisa kichwa, na machozi yakamlenga. "Muda wote huu ulikuwa unahangaika na kosa letu."

"Nilidhani ni langu," baba mdogo akasema.

Mwanangu, nimekula chumvi nyingi na nimesikia maneno mengi, lakini maneno hayo matatu mpaka leo sijayasahau. Mtu alikuwa amelala na kuamka na kosa la watu wengine, anajilaumu, anajiona hajui, anawaficha watu wake wasijue kwamba hajui. Na waliolifanya hilo kosa walikuwa wanalala usingizi mzuri, kwa kuwa kwao ilikuwa sawa. Fabiani alimshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele ya watu wote, na hakuusema haraka haraka kama mtu anayetaka kumaliza jambo.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yakawa matamu. Misa nzima haifundishwi kwa mchana mmoja. Ubao ukaletwa, chaki ikaletwa, kila mtu wa Lusewa akasimama kando ya mtu wa mjini wa sauti yake, tukafundishwa ule wimbo mmoja wa kuomba huruma. Yule msichana alimfundisha Mama Yustina, na Mama Yustina, aliyeshakauka machozi, akamsumbua vya kutosha. Jumapili tuliimba wimbo huo mmoja. Zilizobaki tulisimama pale mbele midomo imefungwa, tumevaa meupe, watu wanatutazama. Baba mdogo alisimama nasi mpaka mwisho.

Nyumbani tulipokewa kwa maswali. Baba mdogo aliwaeleza watu ukweli, kwamba tumeimba wimbo mmoja. Mzee mmoja, aliyetoa gunia akiwa na watoto wengi wa kulisha, akauliza mbele ya wote kama mahindi yale yote yalikwenda kwa wimbo mmoja. Baba mdogo akajibu ndiyo. Alianza kueleza habari za kompyuta na karatasi, lakini watu ambao hawakuwahi kuona kompyuta wakaona ni visingizio. Wiki ile hakuitisha mazoezi. Nilipita kwake nikamkuta anachonga mpini wa jembe ambao haukuhitaji kuchongwa.

Halafu siku moja lori la mizigo likasimama, akashuka Kaspari. Alikuwa na mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani. Alikuwa amechapa Misa yote upya, safari hii kwenye kompyuta ile ile yenye printa, na Mwalimu Fabiani amekaa kando yake akisoma kila ukurasa unavyotoka. Angeweza kuzituma kwa gari kama zile za kwanza. Alikataa. Alimsalimia baba mdogo shikamoo, akapiga goti kidogo, akasema, "Baba, naomba kwaya ije isome, mimi nisikilize tu. Sitasema neno."

Tukaitana. Hata wasio wa kwaya wakaja, maana mgeni wa mjini ni mgeni wa wote. Kaspari akakaa benchi la nyuma, kichwa chini. Tukagawana karatasi. Baba mdogo akaitazama ya kwake, kidole kikaanza kutembea juu ya goti, kikatembea, kikatembea, hakikusimama popote. Akainua mkono. Tulisoma Misa ile polepole kutoka mwanzo, na tulikosea kama watu wanavyokosea, lakini sauti zilikutana zenyewe, hakuna aliyeguna, hakuna aliyengojwa. Tulipofika kwenye wimbo wa utukufu nikasikia kitu nyuma, nikageuka. Kaspari alikuwa analia bila kujificha. Yule mzee wa gunia alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Tulipomaliza alipita katikati ya mabenchi, akaja mpaka mbele, akamshika baba mdogo mkono, akautikisa muda mrefu. Hakusema kitu kuhusu mahindi.

Baba mdogo akamwendea Kaspari kule nyuma. Akamwambia, "Sasa wimbo umefika." Jioni akachinja jogoo.

Huyo Kaspari ndiye aliyenifundisha mimi kazi hii. Nilikuja mjini miaka michache baadaye nikashika kompyuta kwa mara ya kwanza mbele ya macho yake, na kila nikimaliza kitu alinituma nikakione kwenye karatasi, nikiwa nimechoka hata nikamchukia. Leo nawasumbua ninyi vijana mnaokuja kuprinti hapa kwa desturi ile ile, nanyi mnaninunia.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, uzibebe. La kwanza ni la kazi. Ukitengeneza kitu kwenye simu au kompyuta yako, usiseme kimekamilika. Kimekamilika kwako tu. Kigeuze kiwe PDF ili kisitawanyike njiani, njoo mapema, omba nakala moja kwanza, uisome neno kwa neno kabla hujasema ziprintiwe zote. Ikiwa ni kitu cha watu fulani, mpe anayekielewa akitazame, maana dada wa ofisi ile alikuwa na moyo mzuri na bado hakuweza kuona. Na kikitoka vibaya, usimfokee uliyemkuta kaunta. Yeye hakukiona kilivyokuwa kwako.

La pili ni la watu, na hilo ndilo lililonifanya nikuzuie hapa mpaka chai imepoa. Kuna siku utamwambia mtu jambo, mke wako, mdogo wako, mwanafunzi wako, na utamwona anafanya kinyume kabisa. Usicheke, na usikimbilie kusema hana akili. Mwombe kwanza karatasi yake. Mwulize, wewe ulisikia nini, kwako lilifikaje? Unaweza kukuta ametii kila neno, na kwamba kilichoharibika kiliharibika kati yako na yeye. Ukikuta hivyo, omba msamaha kwa sauti, halafu fanya kama Kaspari, panda lori, ukakae benchi la nyuma usikilize. Na ikiwa wewe ndiye uliyepokea, na unaona mambo hayasomeki, uliza. Usiogope kuitwa mjinga. Baba mdogo aliogopa hilo, na liliniumiza kuona mtu mwema anazeeka msimu mmoja kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lake.

Haya, nimemaliza, nenda usije ukakosa gari. Mungu aliye juu akutangulie. Akupe mikono ya kufanya kazi na miguu ya kuifuata mpaka inakokwenda. Neno lako lifike kwa watu likiwa zima kama lilivyotoka moyoni mwako, na siku watakapokuelewa vibaya, akuletee mtu mmoja wa kunyoosha mkono na kusema, naomba karatasi yako. Amina.